Gadi ya Pili ya Upande wa Bahari

Wengi mlioniona nikipanda lori la Pangani asubuhi ile pale Ngamiani, Tanga, mlinipa mkono na kunitakia heri ya kazi. Mlidhani barua ya Bwana Elimu imeshafika, na kwamba ninakwenda kuanza kufundisha. Mzee mmoja jirani yetu wa Chumbageni aliniombea dua kwa sauti, nami nikaitikia amina. Sikumwambia kuwa ninakwenda kutafuta fundi wa kutengeneza mashua ya mjomba wangu, wala kwamba ndani ya gunia nililolibana kati ya miguu kulikuwa na kipande cha mkuku wa mashua hiyo, ule mti mkubwa wa chini unaobeba chombo kizima. Naandika masimulizi haya ili kila aliyenitakia heri siku ile ajue safari yenyewe ilikuwa ya nini.

Mkasa ulipotokea, nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Uganda siku ya tatu tu. Nyumbani watu walikuwa bado wanakuja kumpongeza mama. Kila aliyeingia aliketi, akala haluwa, akaniuliza swali moja la elimu, kisha akanisikiliza kama anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Nami ni mtu ambaye akiulizwa saa ngapi hufikiri kwanza kwa nini ameulizwa. Siku ya tatu nikachoka kuwa msomi, nikashuka pwani kwa Mjomba Salehe.

Mjomba ni ndugu yake mama, na ndiye nahodha na mwenye mashua iitwayo Sahala. Wakati huo Sahala ilikuwa imepandishwa ufukweni kwa maji makubwa ya bamvua ili isuguliwe tumbo na kupakwa deheni, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta. Maji yalipokupwa, mashua ilibaki imesimama juu ya mkuku wake, imeegemezwa na magadi sita, matatu upande wa nchi kavu na matatu upande wa bahari. Kwa msomaji wa bara asiyejua, gadi ni gogo linalosimamishwa ubavuni mwa chombo kisije kikalala. Kichwa chake hufungwa kwa kamba ukingoni, na mguu wake huchimbiwa mchangani. Magadi yale aliyatia Kibwana, baharia wa mjomba kwa miaka kumi na minne, mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani. Ni mtu mrefu, mkimya, ambaye hata akicheka hufunika mdomo kwa mkono.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, mjomba na Kibwana wakaondoka kwenda kusali na kula. Chombo kilichopandishwa hakiachwi peke yake.

"Yusufu, wewe kaa hapa utuangalizie," mjomba aliniambia. "Usifanye kitu. Kaa tu."

Nilikaa. Nilikaa kivulini karibu na ukuta, kisha nikainuka nikaizunguka mashua. Upande wa bahari nikaona gadi ya pili imegusa ubao mahali ambapo nyuma yake hapana taruma, yaani ule ubavu wa ndani unaoshikilia mbao. Nikainama, nikavihesabu vichwa vya misumari ili nijue taruma lilipo. Lilikuwa nusu dhiraa tu kwenda nyuma. Nikakumbuka somo la nguvu na mizani. Nikajiambia kwamba uzito wote unasukuma ubao mtupu, kwamba ubao utaingia ndani, kwamba mjomba atakuja kuniuliza nilikuwa natazama nini na elimu yangu yote. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ambao ungenitosha kuvuka barabara na kumuuliza mtu. Halafu nikaifungua kamba, nikaiinua gadi ili niisogeze hiyo nusu dhiraa.

Sahala ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikaruka kando. Ikaja polepole mwanzoni, halafu kwa mara moja, ikaangukia jiwe la tumbawe lililojificha mchangani. Mbao mbili zikaingia ndani. Mkuku ukapasuka pale ulipoungwa.

Sasa ndiyo naandika lile ambalo mkono wangu haukutaka kuliandika. Niliichukua ile gadi nikailaza kando ya ubavu, kama iliyoteleza yenyewe, na kamba yake nikaifunga tena ukingoni. Kisha nikarudi kivulini. Mjomba alipokuja mbio na watu nyuma yake, alinikuta nimesimama na mikono kichwani. Hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia Kibwana.

"Kibwana! Magadi haya uliyatia wewe?"

"Niliyatia mimi, Nahodha."

"Basi tazama kazi yako."

Kibwana alikwenda, akainama, akaishika ile kamba. Akakaa nayo mkononi kidogo. Halafu akainuka, akanitazama, si kwa hasira, akarudi akasimama mbele ya mjomba. "Nimeona," alisema. Siku ya tatu mjomba akamwambia mbele ya watu kwamba baharia asiyejua kutia gadi hana kazi katika chombo chake. Kibwana akafunga mkeka wake akaenda zake. Nami siku zote tatu nilikuwapo. Nilikuwa natunga maneno ya kusema, nayafuta, natunga mengine yaliyo bora zaidi.

Kwa fundi nilitumwa mimi kwa sababu nilijitolea. Mjomba alisema fundi wa kuunga mkuku ule ni mmoja tu, Fundi Mwinjuma wa Bweni, na kwamba aje upesi, kwani bamvua jingine likifika na mashua imelala vile, mawimbi yataimalizia pale pale juu ya jiwe. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na moja. Niliposema nitakwenda mimi, mjomba alinishika bega. "Mtoto wa dada," alisema, "umesoma na bado una adabu." Nikakiokota kipande cha mkuku kilichokatika, ili fundi auone mti wenyewe, nikakitia guniani.

Tulitoka Ngamiani saa moja na nusu asubuhi. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa Pangani, limepakia unga, mafuta ya taa na marobota ya kaniki. Dereva, mtu mnene aliyefunga kitambaa cheupe shingoni, alimwondoa kwenye kiti cha mbele mama mmoja mwenye kapu la mayai ili mimi niketi. "Mwalimu hakai juu ya magunia," alisema. Nikakataa. Yule mama mwenyewe akanisihi nikae, akapanda juu na mayai yake. Njia nzima, kila lori liliporuka shimo, niliyawaza yale mayai.

Baada ya Tongoni barabara iliingia katika mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanaumia, na vibarua wakikata majani wameinama. Dereva akataka mazungumzo.

"Mmesikia huko kwenu? Baharia mmoja wa Bweni kaangusha mashua ya watu, kaivunja vipande viwili."

"Haikuvunjika vipande viwili," nilisema.

"Ati alikuwa amelewa tembo, mchana kweupe, watu wako msikitini."

"Hakulewa."

"We ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Akafurahi, akapunguza mwendo ili asikie vizuri. "Haya, basi ilikuwaje?"

Nilitazama mkonge. Nilijibu kwamba mambo ya vyombo yana sababu nyingi. Dereva alisikitika kidogo, kama mtu aliyeahidiwa nyama akapewa mchuzi, akaongeza mwendo. Mpaka tunafika Kigombe alikuwa amemsimulia utingo wake aliyekaa juu ya magunia, kupitia dirishani, na katika simulizi hiyo sasa mimi nilikuwa shahidi. "Mwalimu alimwona kwa macho yake," alisema. Nami nikalibana gunia langu kati ya miguu.

Pangani tulifika kabla ya saa tano. Nilishuka karibu na mto, nikapita kati ya nyumba zile kuukuu zenye milango mizito, harufu ya mbata ikitoka maghalani, mpaka kwenye kivuko. Nikiwa ndani ya pantoni, mtu mmoja aliyekuwa nasi lorini aliligusa gunia langu kwa mguu.

"Mwalimu, umebeba mfupa wa nani?"

Watu wakacheka. Nilifungua gunia nikawaonyesha, nikidhani kicheko kitaisha. Kiliisha kweli. Mzee mmoja alikishika kile kipande, akapitisha kidole kwenye ufa, akanirudishia kama mtu anavyorudisha nguo ya maiti.

Kiwanda cha Fundi Mwinjuma kiko ukingoni mwa mto, upande wa Bweni. Si jengo, ni banda la makuti, marundo ya mbao, na jahazi moja changa lililosimama nusu, mataruma yake yako wazi. Nilisikia tezo zikichonga mbao kabla sijaona watu. Nikapiga hodi, nikaingia, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Kibwana.

Alikuwa ameketi chini, miguu kainyoosha, mbele yake kapu la pamba na bakuli la mafuta. Alikuwa akisokota nyuzi za kalafati, zile zinazopigiliwa katikati ya mbao ili maji yasipite. Kando yake walikuwa vikongwe wawili wanaofanya kazi hiyo hiyo. Mtu aliyeshika usukani wa Sahala usiku wa tufani, anasokota pamba na wanawake wa rika la bibi yake.

"Karibu, mwalimu," alisema. Akainuka, akanipa maji ya kunywa kwa mikono miwili.

Fundi Mwinjuma alishuka kutoka kwenye jahazi. Ni mzee mfupi, ndevu zimejaa vumbi la mbao, jicho moja hulifumba anapokutazama kana kwamba anakupimia mstari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. We ndiye mpwa wa Salehe? Kibwana kanambia chombo kimeanguka. Zaidi ya hapo hasemi. Kaja hapa kaomba kazi, nimempa ile." Alinyoosha kidevu kuelekea kapu la pamba. "Hapa kwangu aliyeangusha chombo hagusi gadi wala tezo. Hukaa akasokota pamba mpaka chombo alichokiangusha kirudi majini. Kama hakirudi, basi husokota mpaka afe. Hiyo si adhabu, kijana. Ni ili mkono upate kutulia."

Mmoja wa wale vikongwe alicheka. "Na anasokota vibaya! Nyuzi zake nene kama mikia ya ng'ombe."

Kibwana alifunika mdomo kwa mkono.

Nikamtolea fundi kile kipande cha mkuku. Alikinusa, akakikwaruza kwa kucha, akasema mti anao, ila kwanza ataka kujua chombo kilivyoanguka. "Si kwa umbeya. Chombo kikianguka, panapoonekana pamevunjika sipo peke yake. Nikijua kilivyokuja, najua ufa mwingine uliojificha uko wapi. Lakini kula kwanza. Kibwana, mchukue mgeni kwenu."

Nilitaka kukataa, nikakosa sababu.

Nyumbani kwa Kibwana tulikuta mama yake, Bi Mwanahawa, anapepeta mchele. Aliniandalia wali na samaki wa kupaka, akakaa mbali kidogo akinitazama nikila. Kibwana alipotoka kwenda kunawa, akasogea na kiti chake.

"Mwanangu, wewe umesoma, utanambia ukweli. Aliteleza vipi? Miaka kumi na minne hajaangusha hata kasia. Namuuliza, ananambia, 'Mama, imetokea.' Majirani nao wana lao, wanasema kalewa. Mimi nikipita sokoni nazishusha kanga usoni. Hebu nambie, alikuwa mgonjwa? Kama ni mgonjwa nijue, nimtafutie dawa."

Wali ulikuwa mzuri sana. Nakumbuka hilo kwa sababu nililiwaza wakati ule ule, kwamba ninaona utamu wa wali huku mama wa watu ananiomba aambiwe kama mwanawe ni mgonjwa.

"Si mgonjwa, Bi Mkubwa," nilisema.

"Basi ni nini?"

Kibwana akarudi, akatutazama sote wawili. "Mama, muache mgeni ale," alisema. Naye akakaa, akanichagulia kipande cha samaki kisicho na miba, akakiweka upande wangu wa sinia.

Saa nane tulirudi kiwandani. Fundi Mwinjuma alikuwa ameweka ubao mpana chini ya makuti, akanipa kipande cha mkaa. "Chora. Chombo, jiwe, magadi, kila kitu mahali pake."

Kuchora najua. Nilipoanza, hofu ilinitoka kidogo, kama inavyonitokea kila mara ninapopewa kazi ya hesabu. Nilichora tumbo la Sahala kwa nje, mkuku, jiwe la tumbawe. Nikaweka magadi matatu ya upande wa bahari. Nikaeleza kwamba gadi ya pili ilikuwa imegusa ubao katikati ya mataruma mawili, nusu dhiraa mbele ya taruma la tano, na kwamba bila shaka hapo ndipo ubao ulipolegea. Nilichora hata mistari ya misumari. Nilikuwa najivunia mchoro wangu kwa muda wa kama pumzi mbili.

Fundi alifumba lile jicho lake.

"We ulikuwa umekaa wapi chombo kilipoanguka?"

"Kivulini, kwenye ukuta. Upande wa nchi kavu."

"Upande wa nchi kavu." Aliutazama tena mchoro. "Mataruma, mwalimu, yako ndani ya chombo. Mtu aliye nje hayajui mpaka avihesabu vichwa vya misumari, tena pua yake ikiwa imegusa ubao. Na misumari hii ni ya upande wa bahari. Nani kavihesabu?"

Mafundi walikuwa wameziweka chini tezo. Wale vikongwe wawili nao walikuwa wamesogea karibu, pamba mkononi. Niliinua macho nikamtafuta Kibwana, nikidhani ataniokoa kama alivyoniokoa mbele ya mama yake. Alikuwa anatazama mto.

"Mimi," nilisema. "Nilivihesabu mimi. Gadi niliitoa mimi, nikitaka kuisogeza. Halafu nikairudisha ili ionekane imeteleza."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningeshukuru kama wangepiga. Kibwana ndiye aliyesema, naye hakugeuza uso.

"Nilijua tangu siku ile. Fundo la kamba halikuwa langu. Mimi naiingiza ncha ndani. Lile lilifungwa kama la hema."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie nahodha mpwa wako kafanya, na nyumbani kwenu watu hawajamaliza haluwa? Nilijua utasema mwenyewe. Nikakaa pwani mpaka alasiri nikikungoja. Kesho yake nikakungoja tena. Siku ya tatu nimefukuzwa, umesimama pale, umeshika kitabu." Sasa akageuka. "Nikasema, basi, huyu bado anafikiri."

Fundi Mwinjuma aliliinua kapu la pamba lililokuwa karibu na Kibwana, akaliweka mapajani mwangu. Bakuli la mafuta akalisogeza kwa mguu. Kisha akachukua tezo iliyokuwa imechomekwa kwenye gogo, akampa Kibwana.

"Mti wa mkuku uko nyuma ya banda," alimwambia. "Uchonge kabla ya magharibi."

Jioni, kabla ya jua kuzama, nilikwenda kwa Bi Mwanahawa peke yangu, mikono yangu ikinuka mafuta. Nilimwambia mlangoni, kwa sababu niliona si haki kuingia kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta kanga yake, akasema, "Na wali wangu ukala." Halafu akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Kesho yake asubuhi tulivuka mto watu watatu, na mti mpya wa mkuku umelazwa pantonini. Lori lilikuwa lile lile na dereva yule yule. Alimwona Kibwana, akanikonyeza.

"Huyu ndiye yule wa tembo?"

"Huyu ndiye aliyetia gadi sawasawa," nilisema. "Aliyeangusha mashua ni mimi. Hakuna aliyekunywa tembo. Ulinitaja kuwa shahidi. Basi ushahidi wangu ndio huo, umpe kila uliyempa ule wa kwanza."

Nilisema haraka mno, nikalazimika kurudia. Dereva alikuna shingo chini ya kitambaa chake. Kisha akamfungulia Fundi Mwinjuma mlango wa mbele. Mimi na Kibwana tulipanda juu, tukakaa kila mmoja upande wake wa ule mti, tukiushikilia usiruke. Tulifika Kigombe. Hapo alinipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Sijui kama ulikuwa msamaha au muhogo tu. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi.

Tulifika Tanga mchana. Mjomba Salehe alikuwa pwani na watu kama kumi, wengine wenu mlikuwapo. Alipomwona Kibwana akakunja uso. Nilimwambia pale pale, kwa maneno yaliyotoka yenyewe, si yale niliyoyatunga siku zote zile. Mjomba alikaa juu ya gadi iliyolala mchangani.

"Nilikuuliza wewe?" alisema hatimaye.

"Hukuniuliza, Mjomba."

"Sikukuuliza kwa sababu umesoma." Akamtazama Kibwana. "Na wewe sikukuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshajibu mwenyewe."

Akainuka, akaenda akamshika Kibwana mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya wote, akamwomba radhi. Kibwana alisema, "Yamekwisha, Nahodha," akafunika mdomo, ingawa hakuwa anacheka.

Kazi ilichukua siku nane. Fundi Mwinjuma aliinua Sahala kwa wenzo na magogo, kidogo kidogo, akiizungumzia kama ng'ombe mkaidi. Ufa uliojificha aliukuta pale pale mchoro wangu ulipomwonyesha, upande wa pili, chini ya taruma la sita; hilo ndilo jambo pekee la manufaa nililolifanya. Akaukata mkuku uliovunjika moyo, kama alivyouita, akaunga ule mpya kwa ulimi uliochongwa mshazari, ukakaa hata unywele usipite. Mbao mbili zikatolewa, mbili zikaingia. Kibwana alichonga, akatoboa, akapigilia. Mimi nilisokota pamba.

Nilisokota ufukweni, mchana, mahali ambapo nusu ya mji hupita kwenda kununua samaki. "Mwalimu, hayo ndiyo masomo ya Uganda?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema, "Mwacheni, ndiyo digrii yake hiyo." Mama yangu alipita siku ya pili akaniona, akasimama, akaendelea na njia yake. Siku ya tano aliniletea uji, akakaa kando yangu, akatwaa pamba akaanza kusokota na yeye. Zile nyuzi zake zilikuwa nyembamba na sawa, na Fundi Mwinjuma alizichagua kwanza.

Siku ya kumi na moja, bamvua likaja, baada ya alasiri. Magadi sita mapya alikuwa ameyatia Kibwana tena. Maji yalipofika magotini, mabaharia wakaanza kujipanga, kila mmoja na gadi yake. Kibwana akanionyesha kwa kidole: ya pili, upande wa bahari.

"Ile ni yako."

"Kibwana, mpe mtu mwingine."

"Nani mwingine? Nenda."

Niliingia majini na nguo zangu. Niliishika gadi kwa mikono miwili. Ilikuwa imekaza kama mlango uliofungwa kwa ndani, na uzito wote wa Sahala nikausikia umo ndani yake. Maji yakafika kiunoni. Nikaanza kuwaza: je, watu wa upande wa pili wako tayari, je, mkuku utashika, je, nisipoitoa kwa wakati itakuwaje.

"Usiitoe," Kibwana alisema karibu na sikio langu. "Ishike tu. Maji yakikibeba chombo italegea yenyewe mkononi. Ndiyo saa yake. Siku ile hukuwa na maji, mwalimu. Ulikuwa na mawazo tu."

Nikaishika. Maji yakafika kifuani. Nikahisi gadi ikitikisika mara moja, ikatulia, kisha ikawa nyepesi kabisa, gogo tu linaloelea kati ya viganja vyangu. Juu yangu Sahala ilitoa ule mlio mdogo. Safari hii haikuanguka. Iliondoka.

Ilivuja kidogo saa ya kwanza, mpaka mbao zikanywa maji zikavimba. Mjomba alimwita Kibwana apande ashike usukani.

"Nafasi yako ipo. Haijakaliwa na mtu."

"Nahodha, sina kinyongo, wallahi. Lakini Fundi amenipa tezo."

"Miaka kumi na minne, Kibwana!"

"Ndiyo," alisema Kibwana. "Na siku ile hukuniuliza hata mara moja."

Alirudi Bweni kesho yake na Fundi Mwinjuma. Mjomba hajapata baharia anayefanana naye, na kila akivuta kamba peke yake hunitazama, nami najua anachokiona. Barua ya Bwana Elimu imekuja: nimepangiwa Pangani. Nitavuka mto siku ya kwanza ya mapumziko, nimpigie hodi Bi Mwanahawa, nikae nje mpaka anifungulie. Kama hatafungua, karibu na hapo, kiwandani kwa Fundi, kuna kapu la pamba, na mahali pangu napajua.